Siku Niliyomgeuza Goreth

Vijana wa kanisa, mmeniuliza kwenye kikundi chenu cha simu kama Jumamosi mpande mlimani au mbaki nyumbani. Sijui. Ningekuwa naijua hali ya hewa ya Jumamosi na leo ni Jumatatu, ningekuwa nabii, na manabii hawakai Minto nyuma ya ghala la matairi. Ninachokijua ni namna ya kuupanga huo mwendo ili mkienda mrudi wote. Basi wekeni chini hizo video zenu mnisome. Najua mtanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yenu, lakini Kiswahili mnakisikia vizuri sana, hasa chakula kikitajwa.

Kwa wasionijua, naitwa Hiza, mtu wa Korogwe. Kabla ya kuja Sydney, barafu niliijua ndani ya glasi ya juisi tu. Nilianza kama dereva wa kampuni moja ndogo ya pale St Marys iliyokuwa ikipeleka watu Milima ya Theluji. Sisi hatukwenda kwenye ile miteremko yenye muziki na foleni. Tulikwenda nje ya uzio, ambako hakuna mashine ya kukuvuta juu. Watu wengi wakisikia ski, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, wanafikiria kushuka, kumbe sisi kazi yetu kubwa ilikuwa kupanda. Unabandika chini ya ski kitambaa kirefu chenye manyoya, tunakiita ngozi. Ukisukuma mbele manyoya yanalala, ukitaka kurudi nyuma yanasimama yanakushika. Unapanda hivyo polepole, kama mtu anayeburuza ndala uani. Nikaendesha gari, nikaanza kupanda nao, mwisho nikawa mimi ndiye napanga safari na kuziongoza, hadi nilipostaafu.

Aliyenifundisha ni mama wa Kizungu anaitwa Dot, mfupi, mkali, na chai yake haikunyweka. Siku yangu ya kwanza ya kupanga safari nilimletea utabiri wa hali ya hewa nikiwa na furaha, nikamwambia Jumapili kutakuwa na jua. Akaniuliza, "Jana utabiri ulisemaje kuhusu Jumapili hiyo hiyo?" Sikujua. "Na juzi?" Sikujua pia. Akanirudishia karatasi yangu na kuniambia nirudi nikishajua. Nilimwona ana dharau. Baadaye nikaelewa. Utabiri ukisema jua siku ya kwanza, ya pili ukasema jua, na ya tatu jua, hapo una kitu cha kushika. Lakini ukisema jua, kesho yake mvua, kesho kutwa upepo, unakuambia jambo moja tu, kwamba wanaotabiri wenyewe bado wanakuna kichwa. Siku za namna hiyo hupangi safari ndefu ukaiombea. Unapanga fupi, yenye njia mbili za kurudi.

Simu zenu siku hizi zina rangi, kijani, njano, nyekundu. Sizichukii hata kidogo. Sisi tulikuwa tunampigia mwenye nyumba ya wageni kule chini ya mlima tumuulize anaona nini dirishani, na asubuhi moja akanijibu kwamba anaona pazia. Kwa hiyo rangi zenu ni maendeleo. Tatizo ni kwamba simu kwenye baridi inakufa upesi kuliko mwenye simu. Iwekeni ndani, karibu na mwili, na njia muijue kichwani kabla hamjatoka. Halafu upepo uhisini kwa shavu. Ukitoka kaskazini-magharibi, una vuguvugu, theluji inalainika na watu wanaanza kufungua makoti wakisema kumbe raha, msifurahi nao. Huo ndio unaoitangulia dhoruba. Ukigeuka ukaanza kutoka kusini-magharibi, joto linaanguka kabla hamjamaliza chai, na ile theluji laini ya asubuhi inakuwa kioo chini ya miguu yenu.

Sasa niwaambie kuhusu ugonjwa wetu sisi.

Mzungu ukimuuliza vipi huko nyuma, atakuambia vidole vimekufa ganzi, kiatu kinambana, na anajuta kuzaliwa. Sisi tunajibu nzuri. Mtu amefiwa, amevunja mkono, amefukuzwa nyumba, ukimuuliza habari anajibu nzuri kwanza, ndipo anakaa kitako akueleze. Sebuleni ni adabu njema. Mlimani haina maana yoyote. Nilikuwa na nesi mmoja Mkenya, Wambui, anakaa St Marys mpaka leo, na siku moja nilimsubiri anifikie nikamuuliza yuko poa.

"Niko poa kabisa, Uncle."

Midomo yake ilikuwa ya buluu. Nikamwambia avue glavu afunge zipu ya koti mbele yangu. Vidole vikagoma, akabaki anaipapasa ile zipu kana kwamba si yake. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Sasa ningesema aje, na Mzee Pascal ako hapo mbele yangu anatembea tu? Mzee wa umri wa babangu! Ni-complain mimi?"

Nikamfuata Mzee Pascal, mzee wetu wa Burundi, mpole, mtu wa kanisani. Naye alikuwa hoi. Nikamuuliza kwa nini hakuomba tupumzike. Akanijibu kwa heshima zote kwamba vijana walikuwa wanamwangalia mgongoni, angewavunja moyo. Kwa hiyo walikuwa wanauana kwa heshima, mmoja mbele na mwingine nyuma, na wote nzuri.

Tangu siku hiyo niliacha kumuuliza mtu habari mlimani. Namwambia funga zipu. Namuuliza mara ya mwisho alikula nini na yuko wapi huyo mwenzake wa nyuma. Fanyeni hivyo hivyo. Na chakula kiwe chapati, iliyoviringishwa na kuwekwa mfuko wa ndani wa koti, inakaa laini siku nzima. Kaka mmoja alikuja na ugali na nyama kwenye bakuli zuri la plastiki. Alipolifungua saa sita, ugali ule ungeweza kujengea ukuta. Alitafuna kona moja kwa ubishi tu, kwa sababu tulikuwa tumeshaanza kucheka.

Lakini nilitaka kuwaeleza juu ya Goreth.

Wengi wenu mnamjua Mama Goreth kama yule anayetembea na fimbo kanisani na kuwakemea mkichelewa. Aline, kiongozi wenu wa Jumamosi, ni binti yake. Hamkumjua akiwa na miguu miwili mizima. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akaja hapa, akawa anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawanyanyua, anawageuza, anawaosha. Wambui ndiye aliyemleta kwenye safari zetu, na Goreth akaupenda mlima kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anafanya zamu za ziada wiki nzima ili apate Jumamosi moja. Alianguka mara nyingi kuliko sisi wote, akiinuka anacheka, theluji imejaa hata kwenye masikio.

Goti likaanza kumsumbua. Daktari akamwambia atalipasua, na baada ya hapo ataendelea kutembea ila ski asahau. Goreth akaomba tarehe ya upasuaji isogezwe hadi mwisho wa msimu wa theluji. Alitaka kitu kimoja, afike juu ya Kosciuszko, mlima mrefu kuliko yote ya nchi hii, kwa ski zake mwenyewe. Misimu miwili hali ya hewa ilikuwa imetukatalia. Ikabaki Jumamosi moja, na upasuaji ulikuwa Jumanne yake.

Mimi nikaipanga safari. Utabiri wa wiki ile ulikuwa wa kukuna kichwa, kila siku na lake. Nikachagua njia rahisi kuliko zote, ya kupanda kwa kiti cha umeme kinachoning'inia kwenye waya kutoka kijiji cha Thredbo, halafu kukata mwendo juu ya mgongo wa mlima mpaka kileleni, bila mwinuko wa kutisha. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba huko juu ni wazi kabisa, hakuna mti wala jiwe la kukuambia uko wapi, na upepo ukizidi kile kiti kinasimamishwa, mnabaki kushuka wenyewe mteremko mkali. Kwa hiyo tulikaa sebuleni kwa Goreth, Guildford, sote tuliokuwa tunakwenda, tukakubaliana sharti moja. Wa mbele akigeuka asimwone wa mwisho, hata mara moja, tunarudi. Hakuna kusubiri pafunguke. Goreth mwenyewe alisema sawa. Sharti la namna hiyo liwekeni mkiwa kwenye kochi, mna chai mkononi, kwa sababu mkiwa mnauona mlima kila mtu anakuwa wakili.

Nilichoshindwa kukizuia ni kanisa. Walipopata habari kwamba Goreth anakwenda mara ya mwisho, wakaandaa kumuaga. Na nyinyi mnatujua tukianza kuaga. Ukumbi ukajaa, pilau likapikwa, ngoma za Burundi zikaletwa, mchungaji akaomba mbingu zifunguke. Akina mama wakamkabidhi kitenge chao cha sare, akitandaze kileleni, apigwe picha, picha ipelekwe kwa ndugu zao kule walikotoka. Mchungaji akanishika bega na kusema mbele ya wote, "Brother Hiza, tunakukabidhi dada yetu. Mfikishe." Watu wakapiga makofi. Ningefurahi angesema nimrudishe.

Jumamosi ilianza vizuri. Mawingu yalikuwa juu, upepo wa kawaida, theluji imeshikamana. Mimi mbele, Goreth nyuma yangu, Mzee Pascal na wengine katikati, Wambui mwisho. Goreth alikuwa anaimba. Niligeuka mara nyingi nikamwona Wambui na koti lake jekundu. Tukaendelea hadi mlima wenyewe ukajitokeza mbele yetu, mweupe, wa mviringo, wala hauna makuu. Ulikuwa karibu kama nyumba yako unapokuwa umesimama ng'ambo ya barabara unasubiri magari yapite. Goreth akaacha kuimba. Akaweka mkono kifuani, pale alipokuwa ameficha kitenge ndani ya koti.

Halafu upepo ukageuka. Niliuhisi shavuni kwanza. Weupe ukaja kutoka kushoto, theluji ya chini ikanyanyuka ikachanganyika na wingu, na mbingu na ardhi zikawa kitu kimoja. Nikageuka. Nilimwona Goreth, nikamwona Mzee Pascal, baada yake sikuona mtu. Nikaita, Wambui hakuitika. Tulisimama hivyo, tukaita tena. Kisha pazia likafunguka kama lilivyofunga, na Wambui akaonekana yuko palepale anapotakiwa kuwa, anatupungia mkono.

"Tunarudi," nikasema.

Goreth alidhani natania. "Kaka Hiza, imeisha! Angalia, iko clear. Iko clear kabisa!"

"Tumekubaliana, Goreth."

"Ni hapa tu! Unaona? Ni hapa tu!" Akaunyooshea mlima mkono kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango. "Mimi sina mwaka ingine. Jumanne wananipasua. Wewe unajua. Unajua, kaka!"

Nilijua. Mzee Pascal akaniangalia, kisha akatazama chini. Yule kaka wa ugali, naye alikuwemo, akasema kwa sauti ndogo labda tujaribu mbio mbio. Wambui alipotufikia akasema yuko sawa, asiwe yeye sababu. Wote walikuwa upande wa Goreth, na moyo wangu ulikuwa upande wake kuliko wao. Ningeweza kusema haya, twende. Hakuna ambaye angenilaumu, na kanisa zima lingenibeba juu.

Goreth akalia. Alilia kwa sauti, amesimama juu ya ski, machozi yanaganda kwenye mashavu. Akaniita mtu mbaya. Akaniambia maisha yake yote watu wenye makoti mazuri wamekuwa wakimwambia mwisho wake ni hapa, asivuke, na sasa na mimi nimekuwa mmoja wao. Hilo liliniingia na halijatoka. Nikamshika kiwiko, nikamgeuza, nikaanza kutembea.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mnapotarajia niwaambie kwamba tulipofika chini dhoruba kubwa ikaja na sote tukamshukuru Mungu. Haikuja. Upepo ulitulia kabla hata hatujafika kwenye kiti. Tukiwa tunakunywa supu pale kijijini jua likawaka, mgongo wa mlima wote unang'aa, mbingu buluu. Kundi jingine la watu tusiowajua, waliokuwa nyuma yetu asubuhi, likashuka likipiga kelele za furaha. Walikuwa wamefika kileleni. Wakamwonyesha Goreth picha zao bila kujua wanafanya nini, na Goreth akawaambia hongereni.

Jumapili kanisani walikuwa wamejipanga mlangoni na vigelegele. Goreth alipita katikati yao, akaenda mbele, akamrudishia kiongozi wa akina mama kitenge kikiwa kimekunjwa vilevile walivyokikunja. Mchungaji akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Jumanne akapasuliwa goti. Alikuwa akipishana nami kanisani kwa muda mrefu sana bila kunipa salamu, na ninyi mnajua kwetu kumnyima mtu salamu ni nini.

Kuna watu waliniambia nilikosea. Dot, aliyekuwa bado hai wakati huo, aliniuliza swali moja tu, kama nilimwona wa mwisho. Nikamwambia hapana. Akanimiminia chai yake mbaya na hatukulizungumza tena. Siwaambii hivi ili mnionee huruma. Nawaambia ili mjue kwamba kugeuka hakulipi. Mara nyingi sana utageuka na jua litawaka, na utaonekana mwoga na mjinga mbele ya watu unaowapenda. Mtu anayegeuka ili baadaye aambiwe alikuwa sahihi hatageuka siku inayotakiwa. Ningerudishwa pale leo, na Goreth yuleyule na goti lilelile, ningemgeuza tena.

Kitu kimoja nilikibadilisha. Tangu mwaka ule hakuna tena kuagwa. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikabishana nao mpaka wakachoka. Nikawaambia pilau lisubiri. Anayekwenda mlimani aondoke kimya kimya kama anayekwenda dukani, na ngoma zipigwe Jumapili akirudi, awe amefika au hajafika, zipigwe vilevile. Ndiyo maana hamkuona sherehe wiki hii, na najua baadhi yenu mmenung'unika. Endeleeni kunung'unika. Mtu aliyebebeshwa ukumbi mzima mgongoni hawezi kugeuka, hata mwenye nguvu.

Jumamosi iliyopita mlango wangu uligongwa. Alikuwa Goreth, na fimbo yake. Hakuwa amewahi kufika kwangu hata siku moja. Nikamkaribisha, akakaa, akanywa maji, akanisalimia kama wageni wanavyosalimiana. Habari, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Nikajua sasa linakuja.

"Aline anaongoza watu mlimani," akasema.

"Najua. Yuko vizuri. Masharti yote anayajua."

"Kujua siyo kitu. Mimi pia nilijua." Akaizungusha fimbo yake mkononi. "Ile mutoto yangu iko na roho ya huruma. Mutu akilia mbele yake, inaisha. Atamufuata tu."

Akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kaka Hiza, mimi sijakusamehe. Usifikiri nimekuja na hiyo. Ile mlima ilikuwa yangu, na wewe uliniondolea, na jua likawaka. Kila siku nikipanda ngazi nakumbuka. Lakini kama kuna mutu atalia mbele ya mutoto yangu vile mimi nililia, nataka afanye vile ulifanya. Vile vile. Umufundishe."

Akainuka. Nilitaka kumsindikiza hadi stesheni, akakataa.

Kwa hiyo nimeandika. Aline, huu ndio ujumbe aliokuja nao mama yako, na sina namna nyingine ya kukufundisha zaidi ya kukuambia ilivyokuwa. Jumamosi utatangulia, na utakuwa unageuka kutazama nyuma. Ukigeuka usimwone wa mwisho, mshike kiwiko anayelia, lia naye ukitaka, na mrudi.